Urithi wa Mama na Mabuti ya Mpira: Kisa cha Ukoo wa Bata

Wapo kati yetu waliofika utu uzima wakiamini kwamba duka la viatu liitwalo Bata lilipewa jina la ndege yule wa majini. Dhana hiyo si ya kuchekwa. Neno ni letu, ndege twamjua, na duka limekuwako mijini mwetu tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Lakini Bata hii ni jina la ukoo, na kwa lugha ya kwao herufi ya "t" hulainishwa hata ikakaribia kusikika "Batya". Kwao ni Zlín, mji ulio katika nchi ya Cheki, Ulaya ya kati, mbali kabisa na bahari.

Habari ya ukoo huu imenishughulisha tangu nilipokwenda Itumbe, katika nyanda za juu za Kisii, nilikoalikwa kwenye nikaha ya jamaa. Sisi watu wa pwani tunapofika huko jambo la kwanza tunalolitambua ni baridi, na la pili ni matope. Mvua ya nchi ile hupita milimita 1500 kwa mwaka, na hainyeshi kwa msimu mmoja na kukoma kama tuliyoizoea, bali huja takriban kila mwezi. Nje ya kila mlango nilioupita niliona mabuti ya mpira yamepangwa, makubwa na madogo, mengine yamegeuzwa chini juu yakauke. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa na jozi mbili: moja ya shambani kwenye majani chai, na ya pili ya zizi la ng'ombe, wala hakubali zichanganywe.

Itumbe ni nchi ya chai. Pana kiwanda cha chai chenye jina hilohilo, na wenye mashamba ni wakulima wadogo wenye vipande vya ardhi kandokando ya nyumba zao, chini ya mfumo uliotokana na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliyoundwa mwaka 1964. Wanaochuma, aghalabu, ni wanawake. Huamka alfajiri, wakaingia kati ya michai iliyojaa umande, wakachuma majani mawili na kichipukizi chake, wakatia kikapuni mgongoni. Katika kazi hiyo mguu mtupu hupata taabu mara tatu kwa siku: asubuhi kwa umande wa baridi, mchana kwa visiki na nyoka wajifichao chini ya michai, na jioni kwa utelezi wa njia ya kwenda kituo cha kupimia majani. Ndipo nikaelewa kwa nini huko watu huzungumza juu ya gambuti, kama wanavyoliita buti la mpira, kwa heshima ambayo sisi twaiweka kwa jahazi au nyavu. Hicho ni chombo cha kazi, na hununuliwa kwa hesabu. Wengi husubiri malipo ya mwisho wa mwaka, yale yaitwayo bonasi, ndipo wabadilishe jozi iliyopasuka.

Si mabuti yote niliyoyaona yaliyotoka kiwandani kwa Bata. Mengi siku hizi ni ya plastiki yatokayo nchi za mbali kwa bei nafuu. Lakini Kenya hii, kampuni iliyowazoesha watu wa mashambani kuvaa kiatu cha kazi kilichotengenezwa humuhumu nchini ni ile ya Limuru, na asili ya kampuni ile ni ndugu watatu na urithi wa mama yao. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza.

Mwaka 1894 Zlín ilikuwa sehemu ya dola ya Austria na Hungaria. Katika mji huo walikuwako ndugu watatu, Antonín, Anna na Tomáš, watoto wa mshona viatu, na wajukuu wa washona viatu wa vizazi vingi. Tomáš, aliyekuwa mdogo wao, alizaliwa mwaka 1876, kwa hiyo alikuwa na miaka kumi na minane tu. Mama yao alikuwa amefariki. Kutokana na alichowaachia walipata gulden 800, na kwa fedha hizo wakafungua karakana yao wenyewe, mbali na ya baba.

Naomba akina mama wasimame kidogo hapa. Historia nyingi za kampuni husimuliwa kama kwamba mwanamume mmoja mwenye akili aliamka asubuhi akajenga kiwanda. Katika kisa hiki mtaji ni wa mama, na mmoja wa waanzilishi watatu ni binti. Jina la Anna limo katika habari za mwanzo za kampuni, hata kama baadaye wasimuliaji walimpita haraka wakamkimbilia Tomáš.

Karakana ile ilikuwa na wafanyakazi wapatao kumi, na ndugu wale walifanya jambo lisilo la kawaida kwa zama zile: waliwalipa mafundi mshahara maalumu kila wiki, kwa saa maalumu za kazi. Mshona viatu wa siku hizo alizoea kukaa bila kazi miezi kadhaa, kisha akafanya kazi usiku kucha wateja wajapo. Mpango wa ndugu hawa ulikuwa mwema, lakini biashara changa haikuweza kuubeba. Haukupita mwaka ila wamejikuta wanadaiwa gulden 8000, mara kumi ya urithi walioanza nao. Kisha Antonín akaitwa jeshini, na Anna akaolewa akaondoka. Tomáš akabaki peke yake na wadai mlangoni, naye hajatimiza miaka ishirini.

Kilichomwokoa ni kitambaa. Ngozi ilikuwa ghali, na kwa mtu aliyeelemewa na deni haikupatikana kwa mkopo. Turubai ilikuwa rahisi. Tomáš akaanza kushona viatu vyepesi vya turubai vyenye soli ya ngozi, ambavyo mtu wa kipato kidogo angeweza kuvinunua, na ambavyo vilishonwa kwa muda mfupi. Viatu hivyo vikaitwa kwa jina la ukoo, batovky, na vikauzwa vingi kupita matarajio yake. Kufikia mwisho wa karne ile deni lilikuwa limelipwa. Kiatu cha turubai ambacho watoto wetu walikivaa shuleni, cheupe au cheusi, kinachooshwa Jumamosi na kuanikwa uani, ni jamaa ya kiatu hicho kilichobuniwa kwa sababu ya deni.

Mwaka 1904 Tomáš alifanya jambo ambalo wenye mali wengi wangeliona aibu. Alikwenda Marekani pamoja na wenzake watatu, akafika Lynn, mji wa viatu katika jimbo la Massachusetts, akaajiriwa kiwandani kama kibarua wa kawaida ili ajifunze jinsi mashine zinavyopangwa na jinsi kazi moja inavyogawanywa kwa mikono mingi. Aliporudi alipanga upya kiwanda chake. Ndugu yake Antonín akafariki mwaka 1908, na tangu hapo kampuni ikawa, kwa kauli na kwa vitendo, ya Tomáš.

Vita Kuu ya mwaka 1914 vilipozuka alikwenda Vienna, akarudi na oda ya jozi 50,000 za mabuti ya askari. Hili nalitaja bila kulipamba. Mabuti yale yaliwapa watu wa Zlín kazi, na wanaume wengi wakaepushwa na mstari wa mbele kwa sababu walihitajika kiwandani, lakini faida ya vita ni faida ya vita. Vita vilipokwisha dola ile ikavunjika, sarafu ya nchi mpya ya Chekoslovakia ikayumba, na viatu vikajaa maghalani bila mnunuzi.

Mwaka 1922 Tomáš akatangaza kwamba atapunguza bei ya viatu kwa nusu. Washindani walimcheka. Ili jambo hilo liwezekane aliwaomba wafanyakazi wakubali mshahara upunguzwe kwa asilimia 40, na badala yake akawauzia chakula na mahitaji ya nyumbani kwa nusu ya bei. Maghala yakakauka kwa muda mfupi. Walioandika habari zake humsifu kwa ujasiri, nami nakubali ulikuwa ujasiri, ila nadhani sehemu kubwa ya ujasiri huo ilikuwa ya wake wa wafanyakazi waliolazimika kupika kwa mshahara uliopunguzwa na kungoja waone kama bwana yule atatimiza ahadi ya chakula. Alitimiza. Mwaka 1924 alianza kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida ya idara zao, na Zlín ikajengwa nyumba za matofali mekundu zenye bustani, shule na hospitali, vyote kwa mkono wa kampuni.

Julai 12, mwaka 1932, asubuhi ya ukungu, Tomáš alipanda ndege yake ndogo katika uwanja wa Otrokovice karibu na Zlín. Ndege ikaanguka muda mfupi baada ya kuruka, naye akafariki pamoja na rubani wake. Alikuwa na miaka 56. Alimwacha mjane, Marie, na mwana mmoja, naye pia akiitwa Tomáš, aliyekuwa bado hajatimiza miaka kumi na minane.

Uongozi ukashikwa na Jan Antonín, ndugu wa marehemu kwa baba. Huyu alikuwa mtu wa mambo makubwa. Katika muda wa miaka michache alieneza viwanda na maduka katika mabara yote, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000. Huko Zlín alijenga jengo la ofisi la ghorofa kumi na sita, na ofisi yake mwenyewe akaitia ndani ya lifti, yenye meza na beseni la kunawia mikono, ili aweze kupanda na kushuka kuwafikia wakuu wa idara bila kuondoka kitini pake. Jengo hilo lipo hata leo, na wageni hulipandia ile lifti kwa kustaajabu.

Mwezi Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia nchini mwao. Kabla na baada ya hapo kampuni iliwahamisha baadhi ya wafanyakazi wake Wayahudi kwenda matawi ya ng'ambo, wakasalimika na mauti yaliyowangojea. Mmoja wao alikuwa daktari wa hospitali ya Bata aliyepelekwa Singapore pamoja na mkewe na watoto, na mwanawe mdogo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, Tom Stoppard. Mwana wa marehemu, Tomáš mdogo, alikwenda Kanada akiwa na familia zipatazo mia, wakaanzisha kijiji na kiwanda walichokiita Batawa, Ontario. Ami yake Jan akaenda Marekani, kisha Brazil. Mwaka huo huo wa 1939 ndipo kampuni ilipoanza shughuli zake Kenya.

Limuru haikuchaguliwa ovyo. Iko kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, kwenye reli na katika nchi ya baridi yenye ng'ombe wengi na ngozi nyingi. Na kwa sadfa ya kupendeza, Limuru ndiko mche wa kwanza wa chai ulikopandwa nchini Kenya, mwaka 1903. Kwa hiyo kiwanda cha viatu kilizungukwa tangu mwanzo na watu walewale ambao mashamba yao yalihitaji kiatu cha matope. Kikatengeneza viatu vya ngozi kwa wafanyakazi wa mjini na askari, viatu vya turubai na vya ngozi nyeusi kwa wanafunzi, mabuti ya mpira kwa mashamba, na ndara za mpira ambazo jina lake la biashara, Patapata, limegeuka kuwa jina la ndara zote kwa wengi.

Kisha kuna Safari Boots, viatu vya ngozi laini ya rangi ya mchanga, vyenye shingo fupi na soli nyepesi, ambavyo watalii huvinunua Nairobi wakidhani wamepata siri. Kiatu cha umbo hilo kina nasaba ndefu. Wakati wa vita vya pili, washona viatu wa soko la Kairo waliwashonea askari viatu vyepesi vya ngozi hiyo kwa ajili ya jangwa. Kijana wa ukoo mwingine wa washona viatu, ukoo wa Clark wa Uingereza, aliviona miguuni mwa maofisa wenzake, akachora mfano wake, na mwaka 1950 vikaanza kuuzwa duniani kwa jina la kampuni yao. Jina la wale mafundi wa Kairo halikuandikwa popote juu ya kiatu, jambo ambalo mafundi wetu wa Lamu na Zanzibar wanaoshona makubadhi watalielewa bila kufafanuliwa.

Buti la mpira nalo lina nasaba yake. Mpira mbichi huyeyuka juani na kukakamaa kwenye baridi, na kwa miaka mingi haukufaa kwa kiatu. Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na kiberiti cha unga kisha ukapikwa kwa moto mkali, huwa imara na hubaki laini. Mwenzake, Hiram Hutchinson, akanunua haki ya kuutumia ujuzi huo katika viatu, na mwaka 1853 akafungua kiwanda Ufaransa, nchi ambayo wakulima wake wengi walikuwa wakivaa viatu vya mbao. Wakulima wakarudi nyumbani miguu mikavu. Utaratibu ni uleule hadi leo kwa buti la mpira halisi: vipande hupangwa juu ya umbo la mguu, juu ya kitambaa cha ndani, kisha vyote huingizwa katika joo moja la mvuke vikaungana. La plastiki humiminwa katika kalibu, na ndiyo sababu ni rahisi na pia ndiyo sababu hupasuka pale kiungo cha mguu kinapokunjika. Mama yangu wa Itumbe aliniambia hupima buti kwa kulikunja dukani mara kadhaa na kutazama kama linaacha mstari mweupe, likiacha, halinunui. Pia husema faida yake kwa Muislamu ni kwamba tope la zizini huoshwa kwa kopo moja la maji, ilhali kiatu cha turubai hunyonya najisi na hakikauki hadi wakati wa Swala umepita. Fiqhi ya namna hii haiandikwi vitabuni, lakini ni sahihi.

Sasa nirejee kwa ukoo, maana jambo lililonifanya niandike makala haya bado sijalitaja.

Jan alipochukua uongozi mwaka 1932 alisema kampuni ni mali yake. Alisema nduguye alikuwa amemwuzia mwaka 1931, yaani mwaka mmoja kabla ya kufariki, na kwamba mauziano hayo yalifanywa kwa mdomo. Kwa wakati ule mjane na mwana walinyamaza. Nchi ilikuwa katika msiba, kijana alikuwa mdogo, na kiwanda kilihitaji kiongozi. Lakini baada ya vita serikali ya Chekoslovakia ilitaifisha viwanda vya Zlín mwaka 1945, na yakabaki matawi ya ng'ambo, yenye thamani kubwa, yakiwemo ya Afrika. Ndipo swali likaibuka: matawi haya ni ya nani? Ami na mwana wa nduguye, na shemeji na shemejiye, wakasimama kortini wakipingana. Kesi ilisikilizwa New York na katika nchi nyingine, ikaendelea kwa miaka mingi hadi ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa upande wa mjane na mwanawe kubaki na kampuni. Jan alifariki Brazil mwaka 1965. Huku nyuma, mwaka 1947, korti ya nchini kwao ilikuwa imemhukumu bila yeye kuwepo, kifungo cha miaka 15, na jina lake halikusafishwa hadi mwaka 2007, miaka 42 tangu afe.

Nani alikuwa mkweli? Baina ya watu wawili waliopatana kwa mdomo, mmoja akiwa kaburini, ukweli hufungwa pamoja naye. Nami simlaumu Jan peke yake. Tomáš, mtu aliyehesabu kila msumari wa soli, aliyewawekea wafanyakazi wake daftari la faida na hasara la kila wiki, alishindwa kuandika kwa uwazi kabisa, mbele ya mashahidi, ni nani mwenye mali yake.

Kwa kazi yangu nimekaa vikao vingi vya mirathi hapa pwani, na naweza kusema kwamba kisa cha Zlín nimekiona kwa umbo dogo mara nyingi. Ndugu wawili wamefungua duka la vitambaa. Mmoja ametoa fedha, mwingine ametoa jasho. Hawakuandikiana kitu kwa sababu kuandikiana, wanavyodhani, ni dalili ya kutoaminiana. Mke wa mmoja ameuza bangili zake duka likiwa taabani, na bangili zile zimeingia katika mtaji bila kutajwa kama ni mkopo, ni hiba au ni hisa. Miaka ishirini baadaye mume akafa. Bibi akiwa bado katika eda, shemeji anakuja kuhesabu marobota, na kila mmoja anaapa kwa ukweli wa moyo wake. Nimewaona mabibi wakitoka katika duka walilolijenga wakiwa hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kuingia. Kitabu chetu kitukufu kimetuamrisha kuandika deni, na aya iliyotaja jambo hilo ndiyo aya ndefu kuliko zote zilizomo, na bado twaona haya kutoa kalamu mbele ya ndugu.

Dada zangu, kama umetia fedha au dhahabu katika biashara ya mumeo, ya kakako au ya mwanao, andika leo: kiasi gani, tarehe gani, na kwa sifa gani. Mashahidi watie saini. Nakala moja ikae kwako. Mume mwema hataudhika, na akiudhika mweleze kwamba unamlinda yeye na watoto wake dhidi ya siku ambayo hatakuwepo kukusemea.

Huko Tanganyika kampuni ilipata mitihani yake. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Bata ilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo serikali ilitaka kuyamiliki kwa sehemu kubwa, na kiwanda hicho kikaja kujulikana kwa jina la Bora. Wazee wa Dar es Salaam na Zanzibar bado huvikumbuka viatu vya Bora, wengine kwa mapenzi na wengine kwa malengelenge. Kenya haikutaifisha, na Limuru ikaendelea. Kuanzia miaka ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa, viatu vya mitumba na vya kutoka Asia viliingia kwa wingi, na kila kiwanda cha viatu nchini kilihisi tikiso hilo.

Tomáš mdogo aliiongoza kampuni kutoka Kanada kwa miongo mingi. Mwaka 1946 alimwoa Sonja, binti wa Uswisi aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo. Bibi huyu alisafiri na mumewe katika nchi ambazo kampuni ilikuwa na viwanda, na kila alikofika aliulizia watu wa pale walivaa nini miguuni kabla ya kiwanda kuja. Hakukusanya viatu vya wafalme tu. Alikusanya makubadhi, mitaawanda, viatu vya ngozi ya samaki wa nchi za barafu, na viatu vya watoto. Maelfu ya vitu hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viatu alilolifungua Toronto mwaka 1995, jengo lenye umbo la sanduku la viatu lililofunguliwa kifuniko kidogo. Nafikiri alitambua, kuliko wanaume wote wa ukoo ule, kwamba kiatu cha kiwandani kilifuta kazi ya fundi wa mtaani, na kwamba kitu kilichofutwa kinastahili walau kuhifadhiwa.

Mwezi Desemba 1989, utawala wa kikomunisti ulipoanguka, Tomáš alirudi Zlín akiwa mzee wa miaka 75, na watu walijaa barabarani kumlaki. Alifariki mwaka 2008, na Sonja akamfuata mwaka 2018. Kampuni yenyewe haijauzwa kwa wageni. Bado ni mali ya ukoo, makao yake makuu yakiwa Lausanne, Uswisi. Kule Limuru mashine zingali zikizunguka, na mwezi wa bonasi ukifika akina mama wa nyanda za juu hushuka madukani wakikunja mabuti kwa mikono miwili, wakitazama kama mstari mweupe utatokea.